Umehama Minnesota ukaja Houston na bado unaikumbuka theluji: mwongozo kamili wa kushukuru kwa vilivyoko uani kwako

Huu mwongozo namuandikia mtu aliyekaa Minnesota miaka mpaka baridi akaizoea, akaizoea mpaka akaipenda, halafu kazi au bei ya nyumba au watoto vikamvuta Texas, na sasa Desemba imeingia anachungulia dirishani anaona nyasi bado za kijani na jirani yuko na kaptura, moyo unamwambia mwaka umesahau kuisha. Tuko wengi. Waafrika Mashariki tunahama sana kutoka Minneapolis kuja Houston na Dallas, na huwa tunaongelea kodi na mishahara na joto la Agosti, lakini hii ya kuikosa theluji watu wanaificha manake ukimwambia mamako yuko Mombasa au Arusha kwamba unalilia baridi atakuuliza kwani umerogwa. Hujarogwa. Mahali ulipojifunzia maisha ya ugenini, ulipozaa, ulipofundishwa kuendesha gari kwenye barafu na mtu asiyekujua hata jina, hapo panakaa mwilini.

Nikuambie mapema msimamo wangu ndo ujue tunaenda wapi. Sitakwambia uipambe nyumba kwa theluji ya kopo, wala sitakwambia ujilazimishe kufurahi. Ninachosema ni kwamba theluji ilikuwa inakupa vitu fulani, na vingi katika hivyo viko hapa uani kwako ila vimevaa nguo nyingine, na vingine (hii ndo ilinigusa mimi) vimesafiri kutoka kule kule Minnesota vikakufuata. Lazima utoke nje uvitafute. Fuata hatua, usiruke ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua hasa ni nini unakikosa

"Naikosa theluji" ni neno kubwa mno, huwezi kulifanyia kazi. Chukua karatasi ukiwa umetulia, uandike ni kitu gani cha theluji. Hakuna anayekosa kukwangua kioo cha gari saa kumi na moja alfajiri. Unakosa kitu kingine ndani yake.

Wengi nikiongea nao inakuja hivi. Ukimya: theluji mbichi ina matundu ya hewa mengi sana ndani yake, yanameza sauti, ndo maana ukitoka asubuhi baada ya kuanguka usiku mji mzima unakuwa umenyamaza hata barabara kubwa huisikii. Mwanga: theluji inarudisha juu sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga, kwa hivo hata usiku nje panaonekana, unazima taa na chumba hakiwi giza. Nyayo, yaani kuamka na kuona nani amepita uani usiku. Halafu ruhusa ya kupumzika, ile siku shule zimefungwa, kila mtu ndani, chai iko jikoni, hakuna anayekuuliza mbona hujaenda popote. Na mwisho ule mpaka, kwamba mwaka una kitu kinachoukata, Novemba ni tofauti na Februari na mwili unajua.

Andika zako. Mimi zangu kubwa zilikuwa nyayo na mpaka wa mwaka, mume wangu yeye ni ukimya tu. Ukishajua yako utaona baadhi ya hatua hapa chini zinakuhusu sana na nyingine unaweza kupita nazo haraka.

Hatua ya 2: Soma upepo, manake majira ya hapa yanakuja na upepo

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua hii tangu utoto, tuna kaskazi na kusi, mwaka wetu unagawanywa na upepo. Minnesota ilitusahaulisha kwa sababu kule majira unayaona chini, yako mbele ya mlango unayasukuma na koleo. Houston inakurudisha kwenye upepo.

Kuna pepo mbili za kuangalia kuanzia Novemba mpaka Machi. Upepo wa kusini unatoka Ghuba ya Meksiko, ni wa joto na unyevu, ukivuma hata Januari utatoka jasho, kuta zinakuwa na majimaji, na ukungu unaingia mpaka mchana. Halafu unakuja upepo wa kaskazini, Watexas wanauita *norther*, unashuka kutoka kwenye tambarare za Kanada na za katikati ya Marekani bila mlima wa kuuzuia, na joto linaweza kuanguka nyuzi kumi au zaidi kwa saa chache tu. Asubuhi fulana, jioni unatafuta koti uliloweka kwenye boksi. Hewa inakauka, mbingu inakuwa ya buluu kali, sauti za mbali zinasikika vizuri.

Hewa hiyo unayovuta ikifika norther mara nyingine ndo ile ile iliyopita juu ya Minnesota au jirani zake siku moja au mbili kabla. Kwa hivo fanya hivi: weka Minneapolis na Houston zote mbili kwenye apu ya hali ya hewa ya simu yako. Ukiona kule kumeshuka ghafla, hesabu, angalia bendera na matawi ya juu ya miti, uwe nje ukiweza upepo unapogeuka. Ni dakika chache tu, matawi yanatulia halafu yanainama upande mwingine. Kwangu huo ndo mpaka wa mwaka niliokuwa nautafuta, na unakuja mara nyingi kila kipupwe badala ya mara moja.

Mchana wa Januari hapa ni wastani wa nyuzi 17 hivi za Selsiasi, Minneapolis ni kama 5 chini ya sifuri. Siku fupi kuliko zote, Desemba 21, Minneapolis inapata mwanga saa 8 na dakika 46, Houston inapata saa 10 na robo. Ni kipupwe, ila chembamba. Lazima ukisogelee.

Hatua ya 3: Chagua kiti kimoja na wakati mmoja

Hapa sina maneno mengi. Kiti kimoja, sehemu ile ile, muda ule ule, nusu saa baada ya alfajiri ndo bora lakini kama unafanya shifti za usiku chukua ile saa unaporudi kazini kabla hujalala. Dakika 15 zinatosha. Simu kimya. Kama unaswali alfajiri, unganisha tu, toka nje moja kwa moja kabla ya kurudi kitandani.

Kabla hujakaa kagua chini. Texas ina wale sisimizi wekundu wanaouma vibaya, vichuguu vyao ni vya udongo laini usio na tundu juu, usiweke kiti wala mguu karibu. Mbu wapo hata Januari siku za joto, kwa hivo mwaga maji yaliyotuama kwenye ndoo na sahani za maua. Na usiingize mkono kwenye rundo la majani bila kuangalia, nyoka wa hapa siku ya joto anaweza kutoka kuota jua.

Kama unaishi apatimenti, baraza dogo linatosha, au chagua mti mmoja kwenye parking. Kweli nakwambia, mti mmoja mkubwa wa mwaloni una maisha kuliko bustani ya nyasi tupu.

Hatua ya 4: Watambue waliotoka kule

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa hivo nivumilie.

Pakua apu inaitwa Merlin, ni ya Cornell, ni bure, unaiwasha inasikiliza inakwambia ndege gani anaimba. Kaa na kiti chako, iwashe, subiri. Majina yatakuja kwa Kiingereza lakini usihangaike na majina sana mwanzoni, angalia tu nani yuko.

Kadinali utamkuta, dume mwekundu wote na kishungi, jike wa hudhurungi na mdomo wa rangi ya machungwa. Huyu hahami. Kule Minnesota tulikuwa tunamuona mwekundu juu ya weupe, na hapa yuko mwekundu juu ya kijani mwaka mzima. Ukimuangalia vizuri utagundua kwamba kule ulimpenda kwa sababu theluji ilikulazimisha umuone, hakukuwa na kitu kingine chenye rangi. Hapa kazi ya kumuona ni yako.

Robini, yule kifua cha rangi ya matofali. Minnesota tulikuwa tunamsubiri Machi, Aprili, ukimuona wa kwanza unapigia watu simu kwamba baridi imeisha. Ulishawahi kujiuliza alikuwa wapi? Wengi walikuwa huku kusini. Baadhi ya robini wanakaa Houston mwaka mzima, lakini kipupwe wanakuja kwa makundi makubwa wakila matunda ya miti, na asubuhi moja ya Januari unaweza kuwakuta uani wamejaa wanapindua majani.

Halafu kuna kadogo ka kijivu chenye madoa, kanaitwa *yellow-rumped warbler*, kana kiraka cha njano juu ya mkia kinachoonekana kanaporuka. Hako kanazaliana kwenye misitu ya misonobari ya kaskazini mwa Minnesota, ile ya njia ya kwenda Duluth na zaidi, na kipupwe chote kanakuwa kwenye miti ya Houston, wengi sana. Na shomoro mwenye koo jeupe na mistari kichwani, utamkuta chini kwenye majani anakwangua kwa miguu miwili kwa pamoja, naye ni wa misitu ile ile. Ukiwahi kwenda kupiga kambi kule juu ukasikia mluzi mwembamba wenye kusikitisha kidogo asubuhi, huenda ni yeye, na siku nyingine hapa mwezi wa pili anajaribu kuuimba.

Na luni. Ndege wa jimbo la Minnesota, yule anayelia usiku ziwani mpaka nywele zinasimama. Wengi wa luni wa Minnesota wanashinda kipupwe kwenye Ghuba ya Meksiko. Hatakuja uani kwako, ni wa maji, lakini ukiendesha mpaka Galveston Januari ukakaa kwenye ule ukuta wa pwani ukaangalia bahari unaweza kumuona, amebadilisha manyoya, hana ule mweusi na mweupe wa madoadoa, ni wa kijivu tu, na ananyamaza zaidi. Nilipojua hili nililia kidogo, siwezi kueleza kwa nini, ila kujua kwamba naye anakuja huku akiwa na nguo za kawaida akasubiri kule kufunguke kulinifanya niache kujiona nimekimbia.

Kuna mwingine hatoki Minnesota ila namtaja. Bukini weupe wa Aktiki, wenyewe wanaitwa *snow geese*, wanazaliana kule tundra na kipupwe wanashuka mpaka mashamba ya mpunga na vinamasi vya pwani ya Texas. Idadi yao huku imepungua sana tangu mashamba ya mpunga yapungue, lakini bado wapo. Usiku wa norther toka nje usikilize juu, wanapita wanapiga kelele nyembamba nyingi kwa pamoja. Na siku moja ya kipupwe wapeleke watoto hifadhi ya Anahuac, mashariki ya mji, mwendo wa kama saa moja. Kundi likiinuka kwa pamoja kutoka majini ni weupe mtupu hewani.

Hatua ya 5: Wape chakula na maji, lakini kwa usafi

Mbegu nyeusi za alizeti ndo zinazopendwa na wengi, kadinali hasa. Mafuta ya ng'ombe yaliyogandishwa, *suet*, yanawaleta ndege wa kugonga miti na hako ka njano cha mkiani. Nunua kidogo kidogo, Houston ina unyevu, mbegu zinaota ukungu haraka na ukungu unaua ndege.

Chombo kioshe kila wiki mbili, sehemu moja ya bleach kwa tisa za maji, suuza sana, kausha kabisa juani ndo ujaze tena. Sio urembo huo, kipupwe cha 2020 kuingia 2021 ndege wengi Marekani walikufa kwa salmonella iliyosambaa kwenye vyombo vya chakula. Ukiona ndege amejivimbisha manyoya, hakimbii ukimkaribia, ondoa vyombo vyote wiki mbili.

Madirisha: weka chombo karibu sana na kioo, chini ya mita moja, asipate kasi ya kujiumiza, au mbali zaidi ya mita kumi. Katikati hapo ndo wanapokufa.

Maji yanaita ndege kuliko chakula. Sahani pana, kina cha sentimita 3 mpaka 5 tu, jiwe katikati, badilisha kila siku kwa ajili ya mbu. Robini wakioga kwa kundi watoto wataacha katuni.

Na kama una chupa ya maji ya sukari ya hamingibadi, vile vindege vidogo mno vinavyonyonya maua, usiiondoe Oktoba ikiisha. Hamingibadi wengi wanaondoka lakini pwani ya Ghuba kuna wachache wanabaki kipupwe, akiwemo yule wa rangi ya kutu anayezaliana kaskazini magharibi mpaka Alaska. Sehemu moja ya sukari nyeupe kwa nne za maji, chemsha, poza. Usitie rangi nyekundu, usitie asali.

Majani yaliyoanguka usiyafagie yote. Najua, tumelelewa uani ni pa kufagiwa kila asubuhi mpaka mistari ya ufagio ionekane, mamangu angeona uani kwangu angeniitia kikao. Lakini wadudu wanalala humo na ndege wanakula humo. Kama kamati ya mtaa wenu ni kali, fagia mbele ya nyumba, nyuma acha kona moja chini ya mti. Na ujue kitu kimoja kitakushangaza: mwaloni wa hapa, *live oak*, haudondoshi majani Oktoba, unadondosha mwishoni mwa Februari na Machi huku mengine mapya yanatoka.

Hatua ya 6: Tengeneza ukurasa wa nyayo

Hii ni kwa ajili yetu tuliokuwa tunatoka asubuhi kusoma theluji. Huna theluji, una mchanga.

Chukua sinia kubwa bapa, ya kuokea au kifuniko cha boksi la plastiki, au chimba tu kiraka cha futi mbili kwa tatu karibu na ukuta au uzio, manake wanyama wanapenda kupita kandokando. Jaza mchanga laini wa watoto sentimita 3 hivi. Jioni nyunyiza maji kidogo, ulainishe kwa ubao mpaka uwe bapa kabisa. Usiweke chambo cha nyama, utaleta panya na matatizo. Lala.

Asubuhi nenda kabla jua halijapanda, mwanga wa pembeni ndo unaonyesha. Paka: duara, vidole vinne, hakuna kucha. Mbwa: kucha zinaonekana. Rakuni: vidole vitano virefu, utadhani mtoto mdogo ameweka kiganja. Oposamu: mguu wa nyuma una kidole gumba kilichotoka upande kabisa, huwezi kumkosea. Kindi: miguu ya nyuma mikubwa mbele ya ya mbele, manake anaruka. Armadilo anaacha mstari wa mkia katikati wakati mwingine, na kwenye nyasi mashimo madogo yenye umbo la koni alipokuwa anachimba wadudu.

Piga picha, weka sarafu pembeni kwa kipimo, halafu lainisha tena kwa ajili ya usiku unaofuata. Watoto wangu hii ndo wameishika kuliko zote, wanagombania nani atoke kwanza.

Hatua ya 7: Iwahi sakitu

Theluji ni adimu lakini sakitu, ule umande ulioganda, unakuja karibu kila kipupwe Houston, na watu wengi hawaioni kwa sababu inayeyuka kabla hawajamaliza chai. Unahitaji usiku usio na mawingu, upepo umetulia, siku ya pili au ya tatu baada ya norther. Na hewa haihitaji kusoma sifuri: nyasi na vioo vinapoteza joto kwenda angani vinakuwa baridi kuliko hewa, kwa hivo utabiri ukisema nyuzi 2 au 3 weka alamu.

Weka nje jioni ubao mweusi au sinia nyeusi mbali na ukuta na mbali na mti. Amka kabla ya jua. Sogeza simu karibu sana, fuwele zinasimama kwenye kingo za majani na kwenye sinia. Piga magoti, iguse kwa kidole, inakwaruza vile vile. Unazo dakika kama 20 baada ya jua kuipata. Ukimya unaoutafuta wewe mwenye ukimya uko hapa pia, asubuhi ya sakitu hakuna upepo, na asubuhi za ukungu mzito wa Januari na Februari nazo vile vile, barabara inakuwa mbali.

Hatua ya 8: Chai ya uani

Kuna kichaka cha asili ya huku kinaitwa yaupon, kiko kwenye nyua nyingi za Houston kama uzio wa kichaka unaopunguzwa, na kipupwe kikifika kile cha kike kinajaa vitunda vyekundu vinavyong'aa. Vile vitunda ni vya ndege, usile, vitakutapisha. Lakini majani yake yana kafeini, mimea ya asili ya Amerika ya Kaskazini yenye kafeini ni michache mno, na wenyeji wa asili wa huku walikuwa wanayanywa karne nyingi kabla Wazungu hawajafika.

Hakikisha kwanza. Yaupon majani yake ni madogo, kingo zina mawimbi madogo ya mviringo, yanapishana kwenye kijiti moja huku moja kule, vitunda vyekundu. Ukiona majani yamekaa mawili mawili yakitazamana na vitunda vya buluu nyeusi hiyo ni ligustramu, ni sumu, iache. Kama una shaka muulize mtu wa nasari ya miche au usichume. Na usichume panapopigwa dawa.

Chuma majani mabichi machanga, osha, yaache yakauke, halafu kaanga kavu kwa moto mdogo ukigeuza mpaka yawe kahawia na yanukie. Kijiko kimoja kwa kikombe, chemsha dakika tano, haiwi chungu. Mie naitia tangawizi na iliki na maziwa, ikawa chai kama chai, na siku ya norther tunaifunga nyumba, mahamri mezani, hakuna anayetoka. Ile ruhusa ya kupumzika uliyokuwa unapewa na theluji, hapa jipe mwenyewe: waambie watu wako mapema kwamba siku ya kwanza ya norther Jumamosi au Jumapili haupatikani.

Hatua ya 9: Usiku

Desemba jua linazama karibu saa kumi na moja na nusu jioni. Giza likiingia, toka. Juu, upande wa mashariki mapema jioni na baadaye karibu utosini, utaiona Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana. Wazee wetu walipangia kilimo na safari kwa hiyo: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Iko Minneapolis usiku huo huo, iko Mombasa usiku huo huo. Mwenye kukosa mwanga wa theluji asubiri mwezi mpevu baada ya norther, hewa ikiwa kavu uani panaonekana mpaka kivuli cha uzio.

Na bundi. Tumelelewa kwamba bundi akilia juu ya nyumba kuna msiba, na sitabishana na bibi zetu. Lakini huku kipupwe ndo msimu wake wa kuitana na kuoana, wapo wadogo wanaolia kwa sauti ya kutetemeka na wapo wakubwa wanaouliza swali lile lile refu usiku mzima. Mimi sasa nikimsikia namuambia Mungu asante kwamba uani kwangu kuna mti mkubwa wa kumtosha.

Hatua ya 10: Ziandike shukrani, lakini chache

Mwaka 2003 wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti wao, kundi moja liliandika mara moja kwa wiki vitu mpaka vitano vya kushukuru kwa wiki kumi, lingine liliandika kero, lingine matukio tu. Wa shukrani waliyaona maisha yao vizuri zaidi na walilalamika maumivu ya mwili kidogo. Angalia, mara moja kwa wiki ilitosha.

Kwa hivo Jumapili jioni, daftari la kawaida. Usiandike "nashukuru kwa maumbile". Andika: "Jumanne robini alivuta nyungunyungu mrefu karibu na bomba, akaanguka nyuma." Kitu kimoja, mahali, siku. Na ukurasa wa kushoto andika unachokikosa wiki hiyo, wazi kabisa, "leo naikosa sauti ya buti kwenye theluji kavu". Viache vikae pande mbili. Shukrani haikutaki ukatae unachokikumbuka, anayekataza mtu kukumbuka anamfanya ashukuru kwa mdomo tu.

Mwezi wa pili kuna hesabu ya ndege ya siku nne, *Great Backyard Bird Count*, ilianza 1998, unahesabu ndege uani kwako angalau dakika 15 unatuma. Shiriki. Mwambie na rafiki yako aliyebaki Brooklyn Park, kule pembeni ya Minneapolis, ashiriki siku hiyo hiyo mlinganishe.

Na theluji ikija kweli?

Inakuja. Januari 21, 2025 ilianguka Houston na pwani yote, New Orleans uwanja wa ndege walipima inchi 8. Ukibahatika, acha kila kitu utoke, lainisha ile sinia ya nyayo ijazwe na kitu chenyewe.

Lakini usiichukulie kimazoea ya Minnesota. Februari 2021 joto lilishuka Houston mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri, umeme ukakatika siku kadhaa, na Texas ilipoteza watu zaidi ya 200. Nyumba za huku hazikujengwa kwa hiyo baridi. Funga mabomba ya nje kwa nguo na plastiki, acha bomba la ndani lidondoshe maji kidogo kidogo, weka maji ya kunywa, blanketi, betri. Na hii naisema kwa herufi kubwa kwa watu wetu: USIINGIZE JIKO LA MAKAA NDANI, wala jenereta, wala usiwashe gari kwenye gereji uote joto. Ule moshi usioonekana uliua watu Houston wiki ile ile wakijaribu kuwapasha watoto wao moto. Koti lako zito la Minnesota usiligawe, liweke.

Mwisho wa msimu

Mwishoni mwa Januari maple nyekundu zinaanza kuchanua, Februari mti wa *redbud* unatoa maua ya zambarau kwenye matawi matupu, na Machi utaona shomoro wa koo jeupe wanapungua, hako ka njano cha mkiani kanabadilisha manyoya kanakuwa kamependeza, na siku moja hawapo. Wengi wanaruka usiku, kwa hivo zima taa za nje Machi mpaka Mei, zinawapoteza njia. Osha vyombo vizuri, punguza mbegu, acha maji.

Andika tarehe uliyowaona mara ya mwisho halafu mtumie meseji mtu wako wa Minnesota: wameondoka, watakufikia Aprili, angalia chini ya vichaka. Akikujibu kwamba kwake bado kuna theluji futi moja na amechoka nayo, mwambie akupigie picha.